Dandora: Mtaa uliojisikia redioni

Ukitaka kwenda Dandora kutoka katikati ya jiji la Nairobi, huna haja ya kuuliza njia. Fuata sauti tu. Matatu za kuelekea huko huanza kuimba kabla hazijajaa, na makanga hulipiga bodi la gari kwa kiganja akifuata mdundo ule ule, utadhani naye ameajiriwa kupiga ngoma.

Jumamosi moja alasiri niliabiri mojawapo ya matatu hizo nikiwa na binti yangu wa kidato cha tatu. Alikuwa na swali lililomsumbua wiki nzima. Alitaka kujua ni kitu gani kinachoufanya wimbo umkolee msikilizaji, hata asitake neno lolote liongezwe wala lipunguzwe. Nilimwambia kwamba swali hilo haliwezi kujibiwa tukiwa tumekaa sebuleni. Twende Dandora.

Tulipita Pangani, tukashika barabara ya Juja, bonde la Mathare likiwa upande wetu wa kushoto, kisha Huruma, hadi kwenye mzunguko wa Kariobangi. Nyimbo tatu zilipigwa bila abiria yeyote kujali. Mmoja alisinzia, mwingine akahesabu chenji. Ulipoanza wimbo wa nne, ambao ulikuwa wa zamani, mwanamke aliyekuwa na kikapu cha nyanya mapajani alianza kutikisa kichwa polepole. Alifumba macho. Kikapu kilipoinama, hakukishtukia.

“Baba, mbona huu?” binti yangu akaninong’oneza.

Sikuwa na jibu. Makanga naye alikuwa ameanza kuita, “Dandora mwisho!”

Nyumba iliyoanza na bafu

Wapo wasomaji wanaoijua Dandora kwa jaa lake la taka pekee. Ni kweli jaa lipo. Lilianza kutumika katika miaka ya 1970, na ilipofika 2001 lilikuwa limetangazwa kuwa limejaa, lakini malori hayakukoma kumwaga. Korongo wakubwa aina ya marabu husimama juu ya milima ya taka kama mawakili waliovaa majoho. Mwaka wa 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa ripoti kuhusu watoto 328 waliopimwa karibu na jaa hilo. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango kilichofikia au kupita mpaka uliokubalika wakati huo.

Lakini Dandora haikuanzishwa iwe jalala. Katikati ya miaka ya 1970 baraza la jiji, likisaidiwa na Benki ya Dunia, lilipima viwanja vipatavyo 6,000 kwa ajili ya watu wa mapato ya chini. Mwenye kiwanja hakukabidhiwa nyumba kamili. Alipewa ardhi, maji, choo na bafu, na mkopo wa kununulia vifaa. Vyumba alijijengea mwenyewe. Mtaa uligawanywa katika awamu tano, na hadi leo mwenyeji akikuelekeza kwake atataja kwanza awamu. “Niko Fezi Tuu,” au “Niko Fezi Foo.”

Katika Awamu ya Pili tulimkuta mzee mmoja, fundi wa redio, ameketi nje ya kibanda chake. Mbele yake palikuwa na meza iliyojaa nyaya, vipaza sauti na betri zilizokwisha. Binti yangu alimwamkia, kisha akamuuliza wimbo ambao kwake yeye hauna dosari.

“*Sina Makosa*,” akajibu bila kufikiri. “Wa Les Wanyika.”

Wimbo huo ulivuma mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati ambapo wanamuziki kutoka Tanzania na Zaire, kama Kongo ilivyoitwa siku hizo, walikuwa wamepiga kambi katika vilabu vya Nairobi. Binti yangu alimuuliza kama ni maneno yake yanayompendeza.

“Maneno ni mazuri, mjukuu wangu. Lakini sikiliza besi.” Hapo akaliimba gitaa la Tom Malanga kwa mdomo, taratibu, akigonga meza kwa bisibisi. “Unaona? Linakwenda, linasita kidogo, halafu linarudi. Kila likisita unadhani limekuacha. Halijakuacha.”

Kisha akatusimulia kwamba wakati huo alikuwa akijenga chumba chake cha kwanza papo hapo. Mkewe alikuwa akichota maji, yeye akichanganya saruji, na redio iliwekwa juu ya tofali. “Nikiusikia wimbo ule hata leo, nasikia harufu ya saruji mbichi. Nyumba ilikuwa inainuka.”

Mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha mwaka wa 1968 kwamba mtu hukipenda kitu zaidi kadiri anavyokutana nacho mara kwa mara. Mzee huyu hakuhitaji kusoma utafiti huo. Lakini alikuwa na la ziada. Wimbo haukuwa umerudiwa tu masikioni mwake. Ulikuwa umerudiwa huku maisha yake yakipanda tofali kwa tofali.

Vina vya Awamu ya Nne

Tulivuka hadi Awamu ya Nne. Hapa ndipo penye historia ambayo vijana wa muziki huizungumzia kwa heshima. Katikati ya miaka ya 1990 vijana watatu wa Dandora, Kama, Johnny na Oteraw, waliunda kundi la Kalamashaka. Wakati huo rapu iliyopendwa mijini ilikuwa ya Marekani, na kijana wa Nairobi aliyetaka kuonekana hodari aliiga matamshi ya New York. Capital FM, kituo cha kwanza cha redio cha binafsi nchini cha masafa ya FM, kilikuwa kimeanza kutangaza mwaka wa 1996. Mwaka uliofuata ukaja wimbo wa Kalamashaka uitwao *Tafsiri Hii*. Ulikuwa wa Kiswahili, na uliyaeleza maisha ya mtaani jinsi yalivyokuwa.

Kinyozi mmoja aliyekuwa mvulana wa shule ya msingi wakati huo alitueleza hali ilivyokuwa. “Tulikuwa tumezoea kwamba redio ni ya watu wengine. Kule ndani kuna watu wa mbali wanaongea, sisi tunasikiliza. Siku hiyo tulisikia jirani anaongea. Mtaa mzima ulinyamaza. Halafu ukapiga kelele.”

Mwanafunzi anayejifunza ushairi shuleni ataelewa sababu nyingine. Karibu kila neno la Kiswahili huishia kwa irabu, na mkazo huwekwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo vina hupatikana kwa wepesi, na mizani hujipanga juu ya ngoma bila kulazimishwa. Washairi wa Lamu na Mombasa walilijua jambo hilo karne nyingi zilizopita. Vijana wa Dandora waliligundua upya, kando ya jaa, na mwalimu wa fasihi angeweza kuwapigia makofi kama angekubali kuwasikiliza.

Kutoka kwa kundi hilo lilikua kundi kubwa zaidi, Ukoo Flani Mau Mau, lililowakusanya wasanii wa Dandora na wa Pwani. Juliani, mzaliwa wa Dandora, alipitia humo kabla ya kutoa albamu yake ya *Mtaa Mentality* mwaka wa 2008. Ndiye pia aliyeanzisha Dandora Hip Hop City, mahali pa vijana kujifunzia sanaa. Na ng’ambo ya Mto Nairobi, huko Korogocho, watoto wa mradi wa Ghetto Classics ulioanza mwaka wa 2008 hupiga fidla na tarumbeta. Jaa ni lile lile na moshi ni ule ule. Vyombo ndivyo tofauti.

Binti yangu, ambaye hakubali jambo kwa urahisi, alimpinga kinyozi. “Kama siri ni kusikia lugha yako, mbona watu hupenda nyimbo wasizozielewa?”

Hoja yake ilikuwa na uzito. Mwaka wa 2002 Gidi Gidi Maji Maji walitoa *Unbwogable*, neno waliloliunda kutokana na neno la Kijaluo lenye maana ya kutishika. Wimbo uliimbwa kwa Kijaluo na Kiingereza, lakini muungano wa NARC ulipoutumia katika kampeni za mwaka huo, uliimbwa na watu wa kila kabila ambao hawakujua Kijaluo hata cha kuombea maji. Kinyozi alikuna kichwa, kisha akasema, “Hatukujua maneno, lakini tulijua ni nani hatishiki. Ni sisi.”

Alipoona tumeridhika, alitaka kutuonyesha. Akaunganisha simu yake na kipaza sauti kilichokuwa juu ya mlango, akaipiga *Tafsiri Hii* kwa sauti iliyotikisa kioo cha kunyolea.

Mahali pa kukosea

Haukupita muda mrefu kabla ya mama aliyekuwa akikatakata sukuma wiki ng’ambo ya barabara kuinua kisu. Hakuwa na hasira. Kinyozi alipomwona alizima mara moja, na wote waliokuwa mlangoni walitazama chini.

Tulimwendea kuomba radhi, tukidhani kelele imemuudhi. Alimpa binti yangu kigoda.

“Wimbo wenyewe sina neno nao,” alisema. “Kifungua mimba wangu alikuwa akiuimba hapa hapa nikikata mboga. Kila siku. Lakini kuna mahali katikati ulimi wake ulikuwa ukimponyoka. Maneno yalikuwa mengi na pumzi ilikuwa fupi. Akifika hapo anakosea, anacheka, anarudia tangu mwanzo. Mimi nikajua wimbo ndivyo ulivyo, una mahali pa kucheka.”

Kijana huyo alipigwa risasi usiku mmoja mwaka wa 2003. Mama hakutuambia ni nani aliyempiga, nasi hatukumuuliza.

“Huyu wa redio,” akaendelea, “hakosei. Anafika pale, anapita. Kila mara nangojea akosee. Hakosei.”

Alirudi kwenye mboga zake. Kisu kilikuwa kikienda haraka, na vipande vilikuwa vyembamba kama nyuzi.

Sijui kama nimewahi kusikia mtu akieleza uzuri wa wimbo vizuri zaidi ya hapo. Wengi tunadhani wimbo kamili ni ule usio na kosa, uliorekodiwa kwa mitambo bora na mwimbaji asiyekosa pumzi. Kwa mama huyu, toleo lililo sahihi ndilo lenye upungufu. Lile lililokamilika lilikuwa na kosa ndani yake, na mwenye kulikosea hayupo tena.

Mwaka wa 2001 watafiti Anne Blood na Robert Zatorre wa Montreal, Kanada, waliwapima watu ubongo wakati wakisikiliza muziki unaowasisimua hadi nywele kusimama. Waliona mabadiliko katika sehemu zinazohusika pia na raha ya chakula. Kila msikilizaji alikuja na muziki aliouchagua mwenyewe, na muziki uliomsisimua mmoja ulitumiwa kwa mwenzake kama kitu cha kulinganishia tu, kwa kuwa mwenzake haukumtetemesha. Kama msisimko ungekuwa umefungiwa ndani ya noti pekee, wote wangetetemeka pamoja.

Basi tusiseme kwamba ufundi ni kazi bure. Bila besi inayosita na kurudi, mzee wa redio asingekuwa na pa kuiweka harufu ya saruji. Bila vina vilivyokaza, kijana yule asingekuwa na sababu ya kurudia tangu mwanzo kila siku. Mtunzi hujenga kama Dandora ilivyojengwa. Hutoa kiwanja, maji na bafu. Vyumba hujengwa na msikilizaji mwenyewe, na ndiye anayejua nani alilala humo.

Tulipanda matatu ya kurudi jua likizama nyuma ya majengo ya Huruma. Binti yangu alikuwa amezitoa nyaya za simu masikioni, akawa anatazama nje. Tulipofika Pangani aliniuliza, “Baba, ule wimbo ulikuwa ukiupiga mlunzi ukinipeleka chekechea, ulikuwa unaitwaje?”

Nilimtajia jina. Akautafuta kwenye simu, akausikiliza kidogo, akaukatiza.

“Siyo huu,” akasema. “Wako ulikuwa wa polepole zaidi.”

Nawe mpenzi msomaji, jioni ya leo kabla hujamwambia mtoto apunguze sauti, hebu muulize anasikia nini humo ndani. Na akikuuliza wimbo wako, usimtajie jina tu. Mwimbie, hata kama utakosea.