Imetoka, Sista

Mlango wa kliniki yetu hapa Kware ni wa mabati, na mwanamke anayevuja damu huusukuma kwa bega. Mikono ina kazi nyingine: mmoja umeshika leso kiunoni, mwingine umeshika tumbo. Akishaingia huketi mwisho wa benchi hata kama benchi lote ni tupu, akasubiri mwenye mtoto wa homa atoke, na mwenye kidonda atoke. Kisha husogea na kusema kwa sauti ya mtu anayekopa chumvi: "Sista, imetoka."

Hasemi ni nini kilichotoka, nami siulizi. Nimekuwa muuguzi kwa miaka 19, na 11 kati ya hiyo nimeimaliza katika chumba hiki chenye kitanda kimoja na pazia la maua.

Kiswahili kimeweka herufi moja tu kati ya wanawake wawili. Mmoja mimba yake ilitoka, mwingine aliitoa. Ukiiondoa hiyo k, mgonjwa amegeuka mshtakiwa. Mwilini hamna k. Kizazi hakijali nani alianza; mabaki yakikaa ndani huoza vilevile, homa hupanda vilevile, nami hufanya yaleyale kwa wote wawili. Napima presha na joto, natundika dripu, nafyonza mabaki kwa ile sirinji kubwa ya plastiki, natoa dawa ya kuua vijidudu, naeleza dalili za hatari na njia za kupanga uzazi. Kwenye rejista naandika "mimba imeharibika" na kugeuza ukurasa.

Sheria nayo ina maneno yake. Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 26, inakataza kutoa mimba isipokuwa pale ambapo mhudumu wa afya aliyehitimu anaona panahitajika matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au kama sheria nyingine inaruhusu. Kanuni ya Adhabu, urithi wa mkoloni, imekaa palepale: hadi miaka 14 kwa anayemtoa mwanamke mimba, 7 kwa mwanamke mwenyewe, 3 kwa anayetoa dawa au kifaa. Wizara ya Afya ilichapisha mwongozo kuhusu utoaji mimba usio salama 2012, ikauondoa mwaka uliofuata, na mwezi Juni 2019 majaji watano wa Mahakama Kuu wakaamua kwamba kuuondoa kulikuwa kinyume cha sheria. Kesi ile ilimhusu msichana anayejulikana kwa herufi tu, JMM, aliyenajisiwa akiwa na miaka 14, akatolewa mimba na mtu asiye na ujuzi, figo zikaharibika, akafariki 2018. Mama yake aliamuriwa kulipwa fidia ya shilingi milioni 3. Nilikuwa nikisoma habari hiyo kwenye simu huku nikimbadilishia mtu dripu, nikaizima haraka asije akaona.

Kumtibu mwanamke anayevuja damu si kosa. Lakini mweleze hayo msichana aliyepita gari la polisi limeegeshwa kando ya kibanda cha M-Pesa. Kwake "imetoka" ni kibali cha kupitia mlangoni. Mwaka 2012 Wizara ya Afya na watafiti wa APHRC, kituo cha Afrika cha utafiti wa idadi ya watu na afya, walikadiria kwamba mimba karibu 465,000 zilitolewa Kenya, na kwamba karibu wanawake 120,000 walitibiwa hospitalini na kliniki kwa madhara yake. Nikiitazama hesabu hiyo ya pili naona mabenchi tu, na kule mwisho wa kila benchi mtu anayetayarisha neno moja.

Kwa wasiopajua, Kware ni upande wa Pipeline na Mukuru kwa Njenga, Embakasi Kusini, Nairobi. Ghorofa zimebanana hivi kwamba nguo za huyu hukaukia dirishani kwa yule, na mchana taa huwashwa koridoni. Ukisikia jina utadhani ni ndege. Sivyo, ni machimbo ya mawe. Mawe yaliisha, shimo likabaki, likajaa maji na takataka. Asubuhi watu hutembea kwa miguu kwenda Indasitrio kutafuta kibarua, na akina mama wengine huenda kufua nguo za watu Tassia na Imara Daima. Siri hapa ni kitu ghali, maana ukuta ni mwembamba na choo ni cha ploti nzima.

Sikuanza kazi hii na moyo laini. Nikiwa bado mwanafunzi, katika wodi nisiyoitaja, aliletwa msichana mwenye homa kali, na harufu yake ilitueleza yote kabla hajafungua kinywa. Tulimwacha hadi mwisho. Hakuna aliyetoa amri. Kila mmoja wetu alikuta kwanza ana jambo la kufanya kwingine. Alipolia kwa uchungu mezani nilimwambia, mimi kwa kinywa changu, "Vumilia, mbona ile raha uliivumilia?" Wenzangu wakacheka. Alipona. Kila nikisikia mtu akizungumzia majuto ya kutoa mimba, uso ninaouona ni wa yule msichana aliyenyamaza ghafla, akauma shuka, asitoe sauti tena hadi tulipomaliza.

Baadaye sista mmoja mzee, ambaye sasa amestaafu na anafuga kuku kwao, alinifundisha kanuni yake: mgonjwa akisema imetoka, imetoka. Usimpeleleze. Niliishika kanuni hiyo kama mtu aliyeokoka. Niliona fahari kuwa mimi si kama wale wa wodi ile.

Kuna mama mmoja aliyekuwa akifua nguo Tassia. Mimba yake ilikuwa ya miezi mitano hivi, naye alikuwa na watoto watatu na mume aliyehamia kwa mwingine. Nilimsafisha, nikampa dawa, akaenda. Siku ya nne alirudi, ameshika kifua. Alikuwa ameinama juu ya beseni, anafikicha shuka za watu, akaona blauzi imelowa, akadhani ni maji ya kufulia. Yalikuwa maziwa. Mwenye nyumba, mwanamke mwenzake, alimwambia, "Kumbe una mtoto mchanga, na hukusema!" Akamwongeza shilingi 100 za mtoto.

Maziwa nayo hayaijui ile k. Nilimweleza avae sidiria ya kubana vizuri, aweke kitambaa cha maji baridi, asikamue, yatakauka yenyewe. Aliitikia kila neno. Kisha akafungua kiganja na kunionyesha ile noti, imelowa kwa jasho, akauliza, "Hii nitafanyia nini?" Sikuwa na jibu. Mtoto akifa hapa ploti nzima huchanga, kuna matanga, kuna chai kwenye sufuria kubwa na watu wa kuimba hadi usiku. Yeye alipewa 100 na mtu asiyejua anatoa rambirambi. Aliiacha juu ya meza yangu chini ya kipima joto. Nikamkimbilia na kumrudishia, na hadi leo sijui kama nilifanya vyema.

Lakini nisidanganye kwamba wote hulia. Msichana wa saluni, wa miaka kama 22, alitoka kitandani akacheka, akaniuliza wapi atapata chipsi wakati ule. Nikasema moyoni, huyu yuko sawa. Miezi mitatu baadaye alikuja amekonda. Si damu, si tumbo. Alikuwa amemsikia mhubiri akisema kwamba aliyefanya hivyo hatalala tena maishani, naye analala fofofo. "Sista, kwani mimi ni mnyama? Kwa nini siumii?" Alikuwa ametafuta maumivu miezi mitatu, anajibana usiku kama mtu anayetafuta jipu.

Kule Marekani watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, waliwafuata wanawake karibu 1,000 waliotafuta kutoa mimba, kwa miaka 5 kila mmoja. Kwa wale walioitoa, hisia iliyotajwa na wengi kuliko zote ilikuwa ile ya mtu aliyetua mzigo, na hata baada ya miaka hiyo wengi sana walisema uamuzi wao ulikuwa sahihi. Kwao si kwetu, hawajakaa koridoni Pipeline. Ila nilimweleza yule msichana, na akanitazama kama niliyemfungulia dirisha. Kutua mzigo si dhambi ya pili, nilimwambia. Najua pia wapo wanaojuta kweli, kwa miaka, na sitawakanya waache. Mmoja huja kila Novemba kupimwa tu uzito, kwa sababu ni Novemba. Mtu asiniletee maneno ya kuwajumlisha.

Wanaume huja mara chache. Kijana wa bodaboda aliyemleta mpenzi wake, akangoja nje huku akifuta tangi la pikipiki hadi likang'aa, alirudi peke yake miezi sita baadaye akisema ana presha. Nikampima: 118 kwa 76. Akasema, "Ingekuwa mwezi huu." Akavaa helmeti yake humo humo ndani, akaenda.

Ijumaa ya tarehe 12 Julai 2024 ndipo nchi nzima ilipolijua jina letu. Magunia yalianza kuopolewa kutoka lile shimo, na ndani yake mlikuwa na miili ya wanawake, imekatwakatwa. Kwa siku kadhaa watu walijaa ukingoni, vijana wanateremka kwa kamba, kila gunia linalopanda linapigiwa kelele. Biashara ilisimama. Hata mimi nilienda, nikarudi sikula.

Jumatatu, mwanamke ninayemjua aliingia kliniki. Nilikuwa nimemtibu 2017. Tangu hapo tulionana mara nyingi, kwani huuza sukumawiki karibu na stendi na mimi ni mteja wake. Hakuwa mgonjwa. Aliketi mwisho wa benchi. Tulipobaki sisi wawili akauliza, "Sista, maji yote watayatoa?"

"Yapi?"

"Ya shimo. Watayakausha yote waangalie chini?"

Nilianza kumtuliza kuhusu muuaji, kwamba polisi wako kazini, kwamba asitembee peke yake usiku. Aliniacha nimalize. Alikumbuka 2019, wakati vijana waliokuwa wakisafisha Mto Nairobi walipoopoa miili ya vichanga na picha zikasambaa kwenye simu. Wiki ile hakuuza mboga. Sasa zamu ilikuwa imefika nyumbani. Akainama akasema kwa sakafu: "Haikutoka. Niliitoa. Nikaitia kwa karatasi ya unga nikatupa huko."

"Najua," nikasema.

"Ulijua?"

"Tangu siku ile."

Nilifikiri atapumua. Nilikuwa nimelitunza jibu hilo miaka saba kama zawadi: kwamba nilijua na sikumhukumu, kwamba nilijua na bado nikamtibu, nikanunua mboga kwake, nikamsalimia. Akainuka. Sijawahi kumwona mtu amekasirika kwa utulivu namna ile.

"Ulijua miaka saba," alisema, "na kila siku unaniuliza bei ya sukuma?"

Sikuweza kumjibu. Alisema kwamba kwa miaka yote hiyo aliamini yuko peke yake duniani na jambo lile, kwamba mara mbili alikaribia kuniambia huku akinifungia mboga, akaona uso wangu hauna habari, akanyamaza. Mama yake alikufa bila kujua. Mume aliyempata baadaye hajui. "Kumbe mtu wa pili alikuwa akisimama mbele yangu na mkoba wa kitenge."

Alikaa tena. Tulizungumza hadi giza likaingia, na mengi ya hayo ni yake, sitayaandika. Alitaka kujua kama alikuwa mvulana au msichana, nami sikujua. Alitaka kujua kama kuna sala. Nikamwambia mimi si padri, lakini kama anazo sala zake simzuii, nami nitainamisha kichwa. Akasali kwa Kikamba, kwa muda mfupi, sikuelewa zaidi ya neno mama.

Kanuni ya sista mzee bado naishika, kwa maana rejista inaweza kusomwa na yeyote na kuna wagonjwa ambao siri ndiyo ngozi yao. Lakini niliyoiona kuwa huruma yangu ilikuwa nusu yake uvivu, na nusu woga. Kutouliza kulinilinda mimi pia: nisichoulizia hakinifuati nyumbani, hakikai na mimi kwenye matatu, hakiamshi yule msichana wa wodi aliyeuma shuka.

Siku hizi nikimaliza kuandika "mimba imeharibika" nafunga daftari, naweka kalamu mezani mbali na mkono wangu, na kusema: "Ya kuandika yameisha. Kama kuna ya kusema, mimi nipo." Kisha nakaa. Ni vigumu kukaa, nje kuna foleni. Wengine hufunga leso upya wakashukuru wakaenda, nami sitawafuata. Wengine huanza na habari za kodi ya nyumba na kufika kule polepole. Juzi mmoja aliitazama kalamu kwa muda mrefu, akanitazama mimi, akaniuliza kama mfukoni sina nyingine. Nikageuza mifuko ya koti langu jeupe nje, yote miwili, ikaanguka peremende moja na risiti ya stima.