Uzito wa Neno “Huenda”

Vigwaza ni nchi ya wapitaji. Malori yaendayo bara husimama hapo kwenye mizani, kisha yakashika barabara ya Morogoro. Na juu ya vichaka hupita umeme, umebebwa na minara ya chuma, ukielekea mijini pasipo kuwaamkia wenyeji. Hapo ndipo mpwa wangu, mwalimu wa shule ya msingi, alipooneshwa kiwanja. Bei yake ilikuwa nusu ya bei ya viwanja vya jirani, na sababu ilionekana kwa macho: njia ya umeme wa msongo mkubwa ilipita ubavuni mwake.

“Mjomba,” aliniambia, “wewe ndiye msomaji katika ukoo. Majirani wanasema nyaya hizi huwapa watoto saratani. Dalali anasema hayo ni maneno ya husuda. Nishike la nani?”

Kazi yangu ni kuhamisha maneno kutoka lugha hadi lugha, kazi niliyojifunza mwenyewe kwa kamusi kuukuu na subira. Basi nikatafuta yaliyoandikwa, nikamtafsiria.

Habari hii ilianzia Denver, Marekani, mwaka 1979, pale Nancy Wertheimer na Ed Leeper walipoandika kwamba watoto waliokufa kwa saratani walikuwa wameishi, zaidi ya wenzao, karibu na nyaya zenye mkondo mkubwa. Mwaka 2002 taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani, iliyoko Lyon, Ufaransa, ikaiweka nguvu ya sumaku itokayo kwenye umeme katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha maradhi hayo. Chunguzi zilikuwa zimeonesha saratani ya damu ikizidi kwa watoto walioishi penye wastani wa sumaku unaopita mikrotesla 0.3 au 0.4. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likasema kuwa ushahidi huo hautoshi kuthibitisha kwamba sumaku ndiyo sababu.

Hapo, msomaji, kalamu yangu ilisita. Kiswahili kina labda, pengine, yamkini na huenda. Labda ni neno la asiyejali. Yamkini limekwisha kuegemea kukubali. Nilichagua huenda, kwa kuwa limesimama kizingitini, halijaingia wala halijatoka. Lakini neno la mtaalamu likishafika uwani kwa mama mwenye mtoto mgongoni halibaki na uzito wake. Kwa dalali, huenda ni hapana. Kwa jirani, huenda ni ndiyo. Nilimwambia mpwa wangu kuwa katika kundi hilo hilo zimo mboga za kuchachushwa za Asia ya Mashariki, akacheka. Nikamwambia kuwa sumaku hiyo hupungua upesi kadiri mtu anavyojitenga na nyaya, ila ukuta wa nyumba hauizuii, hakucheka tena.

Kisha tukalifikia neno lisilo na huenda ndani yake: mkuza. Chini na kando ya kila njia kuu ya umeme hutengwa ukanda usioruhusiwa kujengwa nyumba, na msongo ukizidi, ukanda nao hupanuka. Waya hulegea kwa joto ukashuka. Mafundi huhitaji mahali pa kupita. Ajengaye humo huweza kuamka siku moja akaikuta alama ya X nyekundu ukutani mwake, na aliyejenga hali nyaya zipo hana hoja nzito ya kudai fidia. Dalali alitujadili juu ya saratani kwa muda wa saa nzima, wala neno mkuza halikumtoka kinywani. Hofu ya kisichoonekana ilimfaa sana kukificha kigingi kinachoonekana.

Mpwa wangu aliomba kiwanja kipimwe kabla ya kutoa hata senti. Theluthi yake ilikuwa ndani ya mkuza. Hakununua.

Nasi wa visiwani tusidhani kuwa haya ni ya bara tu. Tangu mwaka 1980 Unguja hupokea umeme kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, na mwaka 2013 uliongezwa wa pili. Tuliokaa gizani tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 twaijua thamani yake. Lakini umeme wa gridi hiyo, wa Kidatu tangu 1975 na wa bwawa la Julius Nyerere tangu 2024, ambao hufika Chalinze kwa njia ya kilovolti 400, hupita kwanza juu ya mashamba ya watu ndipo uzame baharini. Mashairi tuliyoutungia mwanga ni mengi. Juu ya walalao kando ya njia yake sijasoma hata moja, nami sijalitunga.

Mpwa wangu angali amepanga chumba Mlandizi, na kila muuzaji humwuliza vipimo kabla ya bei. Kiwanja kile kimekwisha kuuzwa. Aliyekinunua simjui. Nasikia tu kwamba bei iliteremshwa tena, na kwamba ana watoto watatu.