Mlango wa Treni ya Addis Ababa

Twapenda kuwasimulia ndugu zetu, na hasa kina mama, safari fupi tuliyoifanya ndani ya mji wa Addis Ababa mwezi wa Februari, mwaka wa 2016. Kwa urefu ni safari ndogo, ya kutoka mtaa mmoja kwenda sokoni. Lakini humo ndani tulifunzwa jambo na mama watoto, nasi tukaona si haki kulificha.

Tulikuwa tumekwenda kumzuru mpwa wetu, aliyeoa na kufanya maskani huko. Mwislamu akitaja Habasha moyo wake hulainika, kwani ndiko walikohamia masahaba wa mwanzo walipodhikishwa Makka, miongoni mwao Bibi Ruqayya binti ya Mtume (s.a.w.) pamoja na mumewe Sayyidna Uthman. Ufalme wa zama zile ulikuwa kaskazini, Aksum. Addis Ababa ni mji mchanga ambao haujatimiza miaka 150. Hata hivyo mgeni wa pwani hakosi kuona ujamaa. Saa zao wazihesabu kama sisi, tangu kuchomoza kwa jua: mtu akikwambia saa mbili asubuhi, ni saa mbili yetu hasa. Mwaka ndio ulitushangaza, maana kwa kalenda yao wao walikuwa wangali katika 2008, na mama watoto akasema amerudishiwa miaka minane ya ujana wake.

Treni yenyewe wanaiita babur, neno ambalo aliyepita chuoni atalitambua, kwa kuwa Waarabu nao huliita gari la moshi au meli kwa jina hilo. Hii lakini haina moshi. Yaendeshwa kwa umeme unaopita katika nyaya juu ya paa. Ni reli nyepesi, yaani ya kuchukua watu ndani ya mji tu, si mizigo wala masafa ya mbali. Njia ni mbili, moja ya mashariki na magharibi, nyingine ya kaskazini na kusini, na jumla yake ni takriban kilomita 34. Ilijengwa na Wachina, na sehemu kubwa ya fedha ni mkopo wa huko huko China. Njia ya kwanza ilifunguliwa Septemba 2015, kwa hivyo tuliikuta bado ina harufu ya rangi. Hapa kwetu nako reli mpya ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi ilikuwa ikiendelea kujengwa wakati ule, na wengi walituuliza itakuwaje. Hatukuweza kuwajibu kwa hii, maana hizo ni reli za kazi mbalimbali.

Tulipandia upande wa mashariki, kituo cha Gurd Shola. Tikiti ilikuwa kipande cha karatasi, na bei wakati ule ilifuata masafa: birr mbili, nne, au sita. Tukapata viti. Behewa lilikuwa safi, madirisha mapana, na treni ikapita pale barabara iliposimama kwa msongamano wa magari, nasi tukawatazama waliokwama kwa huruma kidogo na, tumuombe Allah msamaha, kwa kiburi kidogo. Mahali pengine reli imepita chini barabarani na kuzungushiwa uzio, na tuliona wazee wakitembea mwendo mrefu kutafuta pa kuvukia kwenda ng'ambo. Pengine imeinuliwa juu ya nguzo, ukawa waona mabati ya nyumba na nguo zilizoanikwa.

Kituo kiitwacho Stadium ndipo njia mbili zinapokutana na kutumia reli moja kwa vituo kadhaa. Hapo tulitakiwa tushuke na kupanda treni ya buluu, iendayo upande wa soko la Merkato. Hapo pia tulijua kwamba saa tuliyoondokea ilikuwa saa ya starehe, na sasa imekwisha. Jukwaa lilijaa. Treni ilipofika na kufunguka milango, watu walisukumana kama tunavyowajua wenzetu wa feri ya Likoni jioni. Mama watoto alichukuliwa na wimbi hilo akaingia. Mwandishi huyu, kwa adabu aliyofunzwa, alisita kuwapisha kina mama wawili, kisha wa tatu. Mlango ukafungwa.

Tukabaki jukwaani peke yetu. Tuliuona mkono wake kwenye kioo, kisha hatukuuona. Simu yake haikuwa na laini ya huko. Kiamhari hajui hata neno moja. Tikiti zote mbili zilikuwa mfukoni mwetu, na fedha pia. Tumeishi naye miaka 27, na hatukumbuka siku hata moja tuliyomwacha katika mji asioujua, katikati ya wanaume asiowajua. Mji ule uko juu mno, zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, na mtu wa Mombasa hupandia ngazi akitweta; lakini kutweta kwetu dakika zile hakukuwa kwa ngazi. Tulisoma tulichojaaliwa kusoma. Treni iliyofuata ilichukua kama robo saa.

Tuliingia, safari hii kwa viwiko, tukasimama ubavuni mwa mlango ili tutazame kila jukwaa. Hatukwenda mbali. Kituo kilichofuata ni Leghar, jina lililobaki kutoka lugha ya Kifaransa kwa sababu ya stesheni kongwe ya reli ya Djibouti, ile iliyofika Addis mwaka 1917, na sanamu yake ya simba. Hayo tuliyatazama siku nyingine. Siku ile tuliliona buibui jeusi, na kando yake shuka jeupe la pamba wanaloliita netela. Mama mmoja wa makamo, mwenye chale ya msalaba kwenye paji la uso, alikuwa amemshika mama watoto mkono kama mtu amshikavyo dada yake.

Mama watoto alitusimulia baadaye. Behewani alibanwa pande zote hata asiweze kushusha mkono. Machozi yalimtoka. Yule mama aliyaona, akajipenyeza, akamgeuza hadi mgongo wake ukawa ukutani, kisha akasimama mbele yake na kuweka mikono yake miwili ukutani kama uzio. Akamwambia neno moja, akalirudia: ayzosh. Kituo kilipofika akashuka naye, ingawa safari yake haikuwa ya hapo, akangoja naye. Tulipotaka kumpa kitu alikataa, akatugusa bega, akapanda treni tuliyoshukia na kwenda zake. Mpwa wetu ndiye aliyetufasiria neno lile: jipe moyo, na huambiwa mwanamke.

Tulifika Merkato, tukaswali adhuhuri katika Msikiti wa Anwar, ambao umepakana na kanisa la Raguel. Tulipotoka, tukiwa tunakunywa kahawa, mama watoto akasema:

"Baba Zuhura, ile khutba yako ya matatu niliisikiliza."

Wasomaji wetu wa Kisauni huenda wanaikumbuka. Tuliwakemea mimbarini wasichana wanaojibana na wanaume ndani ya matatu asubuhi na jioni, tukawaambia waache.

"Uliwaambia waache," akasema. "Hukuwaambia wapande nini. Mimi leo nimebanwa vituo viwili nikalia. Mwanao hubanwa kila siku akienda masomoni, na hajakuambia, kwa sababu aliisikia khutba."

Kahawa ya Habasha ni kali, na tulipata kisingizio cha kunyamaza.

Twakiri kwamba kwa miaka mingi tumekuwa tukichukuliwa kwa gari la jamaa au la msikiti. Hatukujua. Kwa hivyo Jumatatu iliyopita tulitoka na Zuhura alfajiri baada ya swala. Mamake alisimama mlangoni akamwambia, "Ayzosh," naye akacheka, maana sasa ndiyo salamu ya nyumbani. Matatu iliyokuja ni ya abiria 14, nasi tulihesabu 17. Utingo alitupisha kiti cha mbele kwa heshima ya kanzu na kilemba. Tukakataa, tukapanda nyuma. Kabla ya kuinua mguu, Zuhura aliuzungusha mkoba wake kutoka mgongoni, akaukumbatia kifuani kwa mikono miwili, akaingia akitanguliza bega. Alifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anavyovua viatu mlangoni.