Baridi Isiyo na Matanga

Hapa Nottingham, katikati ya Uingereza, ukisema kwamba mwaka huu baridi haikuwa baridi, watu watakujibu kwa kushukuru. Bili ya gesi imepungua, watoto hawakukohoa sana, gari limewaka asubuhi bila kubembelezwa. Mimi ni mtu wa Lushoto, nimekua nikijikunyata mwezi wa saba ukungu ukishuka, lakini theluji si kitu nilichowahi kukililia. Ndiyo maana nilichelewa kukubali kwamba kuna tulichofiwa nacho. Msiba una utaratibu wake: turubai hufungwa, watu huja, chai huchemshwa, pole hutolewa, na siku ya kuanua matanga ikifika mfiwa anajua kwamba sasa anaweza kurudi shambani. Kwa baridi hakuna anayekuja. Nani atampa pole mtu aliyepungukiwa na kitu kilichokuwa kikimuumiza vidole?

Aliyepungukiwa hasa ni mtufaha. Majani yake yakishapukutika mwezi wa kumi na moja, matumba ya mwakani tayari yamefungwa kwenye vijiti, na hayafunguki ovyo kwa sababu jua limetoka siku mbili tatu za Januari. Mti unahesabu baridi. Kwa aina nyingi zinazopandwa hapa, wataalamu hutaja kama saa elfu moja chini ya nyuzi joto 7 kabla haujaridhika kwamba kipupwe kimepita. Saa zikipungua, huamka kama mtu aliyelala vibaya: tawi hili limechanua, lile bado, na matunda yake ni ya kuokoteza. Kule Batu, kisiwani Java, kusikofika baridi ya kutosha, wakulima huyapukutisha majani kwa mikono ili kuulaghai mti uone umepita msimu. Hapa hatujafika huko. Shida yetu kwa sasa ni nyingine, nayo nilionyeshwa na jirani yangu.

Bustani zetu ni za kukodi kutoka baraza la mji. Sheria ya mwaka 1908 iliyapa mabaraza ya Uingereza wajibu wa kuwatafutia wakazi viwanja vya kulima, na kipande kamili ni kama meta za mraba 250. Nottingham ina historia ndefu zaidi ya hapo; bustani za St Ann's, zenye uzio wa vichaka na vibanda vya matofali, ni za zamani kuliko sheria yenyewe. Unapopangishwa kipande unapangishwa na majirani. Wangu alikuwa mchimba makaa mstaafu, mrefu, mwenye makovu madogo ya rangi ya buluu mikononi mahali vumbi la makaa lilipoingia kwenye michubuko na kubaki humo. Aliniita bata, kama watu wa huku wanavyomwita kila mtu, mkubwa kwa mdogo, na mimi nikamwita Mzee. Hakuna kati yetu aliyeuliza sababu.

Mzee hakuwa na daftari. Alikuwa na mlango. Upande wa ndani wa mlango wa kibanda chake, kwa penseli ile bapa ya maseremala, aliandika mwaka, kisha tarehe ya sakitu ya mwisho, kisha siku aliyochimba viazi vya kwanza. Mistari ilianzia usawa wa macho, ikateremka hadi karibu na bawaba ya chini, ambako lazima alipiga magoti kuandika. Mwaka 2010 aliongeza neno moja la matusi, na sikumlaumu: Desemba ile wastani wa joto katikati ya Uingereza ulikuwa nyuzi 0.7 chini ya sifuri, na vitunguu maji vyote vilioza ardhini. Mstari wa 1998 hauna sakitu wala viazi. Una jina la mkewe tu.

"Maharage usiyatoe nje kabla ya wiki ya tatu ya Mei," aliniambia msimu wangu wa kwanza. "Hata kama jua linakuchekea. Baba yangu aliyatoa mapema akayalilia."

Nilimtii, na kwa miaka kadhaa utii ule ulilipa. Halafu ukaanza kunigharimu. Ardhi ilikuwa na joto tangu katikati ya Aprili, jirani wa upande wa pili tayari anachuma, mimi miche yangu imerefuka dirishani hadi inaanguka. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge uliotoka mwaka 2022, uliotumia kumbukumbu zaidi ya laki nne za maua ya kwanza ya aina 406 za mimea, umeonyesha kwamba tangu 1987 mimea ya Uingereza inachanua kwa wastani siku 26 mapema kuliko zamani. Ukisoma hivyo utadhani dawa ni kuwahisha kila kitu. Sakitu lakini haijakubaliana na maua. Mwishoni mwa Aprili 2017 mitufaha ilikuwa imeshafunguka, na usiku mmoja wa anga safi ukaganda. Asubuhi Mzee aliniita. Ua alilolichuma lilikuwa zuri kabisa, petali nyeupe zenye haya ya waridi kwenye kingo, nyuki angetua. Akalichana kwa ukucha wa kidole gumba, na pale katikati, penye vijiti vya kupokelea chavua, palikuwa peusi kama njiti iliyozimika. "Limekufa tangu usiku," akasema, "halijaambiwa." Mwaka ule wakulima wengi wa matunda na wa zabibu Uingereza walivuna hasara.

Nadhani hapo ndipo nilipoanza kuona uzito wa mlango ule. Mtu akifa, tunaendelea kumuuliza mambo. Tunapanda alivyopanda, tunatia chumvi alivyotia, tunafunga dirisha saa aliyokuwa akifunga, na majibu yakija sawasawa ni kana kwamba amejibu. Lakini ushauri wake ulikuwa juu ya ulimwengu aliouzoea. Ulimwengu ukihama, swali unaliuliza vilevile na jibu linakuja vilevile, ila halifai tena, na marehemu unampoteza upya, safari hii bila jeneza. Mama nikimpigia simu Lushoto huniambia jambo hilohilo kwa njia yake. "Nilikuwa napanda kwa kumfuata bibi yako, mwanangu. Sasa nasubiri redio." Hasemi kwa uchungu. Mimi ndiye ninayekaa na simu mkononi baada ya hapo.

Waingereza wana ugonjwa wa kuandika tarehe, na huenda ni mila yao ninayoipenda kuliko zote. Robert Marsham wa Norfolk alianza mwaka 1736 kunakili siku mti fulani ulipotoa jani, siku mbayuwayu walipofika, siku vyura walipolia. Familia yake ikaendelea kizazi kwa kizazi hadi 1958. Karne mbili na zaidi za watu kutazama mialoni ileile! Walioanza hawakujua kwamba wanaandika rambirambi.

Maili chache kutoka kwangu, katika mji wa Southwell, kuna mtufaha ambao msichana aitwaye Mary Ann Brailsford aliupanda kwa mbegu mwaka 1809. Aliondoka, akaolewa, akafa mwaka 1852 bila kujua mti umekuwa nini. Nyumba ilikwenda kwa mwenye bucha, Bramley, na kijana Henry Merryweather alipoomba vikonyo vya kubebesha mwaka 1856, Bramley alikubali kwa sharti kwamba tunda libebe jina lake. Basi kila tufaha la Bramley linalopikwa Uingereza limetoka, kikonyo kwa kikonyo, katika mti ule mmoja, na jina la aliyeupanda halimo. Dhoruba ya mwaka 1900 iliuangusha, ukachipua kutoka ulipolalia. Sasa una kuvu ya mizizi isiyo na tiba, na Chuo Kikuu cha Nottingham Trent kimeuuguza. Watu hufarijiana kwamba mti hautakufa kwa kuwa umebebeshwa kila mahali. Ni kweli, na mimi ninao mmoja. Ila kikonyo hubeba tunda na mahitaji yake pia: bado kinadai zile saa za baridi ambazo mama yake alizipata bila kuomba.

Mzee alifariki mwezi wa pili. Mazishi ya huku husubiri wiki kadhaa, huchukua kama nusu saa, kisha ni mikate na chai baani, halafu kila mtu na gari lake. Nilirudi bustanini na nguo za msiba nikapogoa, kwa kuwa sikujua pa kwenda.

Kipande chake walipewa vijana wawili, mke na mume, wenye bidii na viatu visivyofaa. Walibomoa kibanda, walikuwa na haki, paa lilikuwa limeoza. Mlango nikauomba. Umeegemezwa kwenye uzio wangu, unakinga vitunguu dhidi ya upepo wa mashariki, maandishi yakitazama ndani yasiloweshwe. Mei ilipokaribia waliniuliza lini watoe maharage. Nikawaonyesha mlango, nikawaambia pia wafunike miche kwa kitambaa usiku wowote utabiri ukishuka chini ya nyuzi 3, na kwamba sina hakika na lolote kati ya mashauri hayo mawili. Tangu hapo huja kuusoma. Jumapili tulibishana juu ya mstari wa 1987, penseli imefifia: sakitu ya mwisho ni tarehe 3 Mei au 8. Yule mke anasema 3. Mimi nasema 8. Mwenyewe hayupo wa kuulizwa.