Waya Ndani ya Ubongo

Leo hifadhidata tuziweke kando. Mjomba wangu, fundi wa saa tangu nikiwa mtoto, ana ugonjwa wa Parkinson, na nyumbani kuna mazungumzo ya kuuza kipande cha shamba ili akapasuliwe India. Kwa kuwa mimi ndiye mtu wa tarakilishi, nimeulizwa: hiyo mashine ya kichwani hufanya nini?

Haya basi. Mwaka wa 1987, mjini Grenoble, Ufaransa, daktari Alim-Louis Benabid alikuwa akiwatibu watu wanaotetemeka. Desturi ilikuwa kuunguza sehemu ndogo ndani ya ubongo, lakini kwanza walipitisha umeme kidogo kuhakikisha wamefika penyewe. Benabid aliona kwamba mapigo ya umeme yakifika karibu 100 kwa sekunde, mtetemo hutulia. Ukizima, unarudi. Sasa ya nini kuunguza? Acha waya humo humo! Yeyote anayejua tofauti ya kuzima programu na kuifuta ataelewa uzuri wa wazo hilo.

Siku hizi waya hupita chini ya ngozi ya shingo hadi kwenye kijisanduku cha betri kifuani. Mapigo huwa kama 130 kwa sekunde, na daktari huyarekebisha kutoka nje bila kisu. Marekani iliidhinisha matibabu haya kwa mtetemo mwaka wa 1997, na kwa dalili nyingine za Parkinson mwaka wa 2002. Mwaka wa 2009 iliyaruhusu, kwa masharti, kwa watu wanaosumbuliwa na fikra na vitendo vya kujirudiarudia visivyotulizwa na dawa. Kwa sonona bado ni ubishi. Jaribio moja kubwa lilisitishwa kabla ya kumalizika.

Mjomba aliponisikiliza hakuuliza habari za ubongo. Aliuliza, "Betri yake nani hubadilisha?" Fundi ni fundi tu! Betri ya kawaida huisha baada ya miaka michache, na kuibadilisha ni kupasuliwa tena kifuani. Zipo za kuchajiwa, ila bei yake nayo ni nyingine.

Mimi linalonikosesha usingizi ni marekebisho. Miezi ya kwanza mgonjwa hurudi kliniki mara kwa mara hadi vipimo vikae sawa, na kifaa hufunguliwa kwa programu ya kampuni iliyokitengeneza pekee. Ukipasuliwa Chennai, mambo yakiharibika Nyeri utamwita nani? Isitoshe, ugonjwa wenyewe hauponi, na upasuaji una hatari ya damu kuvuja ubongoni.

Februari 2025 Marekani iliidhinisha kifaa kinachosoma mawimbi ya ubongo na kujirekebisha chenyewe. Kinavutia sana, lakini hata hicho huhitaji mtu wa kukiwekea mipaka. Kwa hiyo nimewaambia jamaa zangu wamtafute kwanza daktari wa neva hapa Kenya mwenye chombo na ujuzi wa kukirekebisha kifaa hicho. Akikosekana, shamba lisiuzwe.