Mwanariadha, Hifadhi na Haki ya Kurudi Kwao

Hifadhi ya kisiasa, yaani ulinzi ambao nchi humpa mgeni anayehofia kuteswa kwao kwa sababu ya msimamo wake, hutegemea Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, unaokataza mkimbizi kurudishwa mahali ambapo maisha au uhuru wake umo hatarini. Kwa mwanariadha aliye mashindanoni ughaibuni uamuzi wa kuiomba huja ghafla, kwani viza yake ni ya muda mfupi, na tiketi yake ya kurudi mara nyingi imo mikononi mwa viongozi wale wale anaowahofia.

Hayo yalidhihirika Tokyo mwaka 2021, pale Krystsina Tsimanouskaya, mkimbiaji wa mbio fupi wa Belarus, alipowalaumu hadharani makocha kwa kumpangia mbio za kupokezana vijiti bila ridhaa yake, akaamriwa kurejea kwao, naye akakimbilia ulinzi wa polisi katika uwanja wa ndege wa Haneda, kabla ya Poland kumpa viza ya kibinadamu. Mwaka 2016 huko Rio, Feyisa Lilesa wa Ethiopia alimaliza marathoni wa pili, nyuma ya Mkenya Eliud Kipchoge, huku amepishanisha mikono juu ya kichwa kuunga mkono maandamano ya Waoromo dhidi ya serikali. Hakurudi nyumbani, bali alikwenda Marekani, ambako mkewe na watoto wao walimfuata mwaka 2017.

Baadaye njia zao zilitofautiana. Tsimanouskaya alipata uraia wa Poland, na mwaka 2023 akaruhusiwa kuiwakilisha nchi hiyo, ilhali Lilesa alirejea Addis Ababa mwezi Oktoba 2018, baada ya Abiy Ahmed kushika uwaziri mkuu. Kilichowatenganisha si ukarimu wa wenyeji wao, bali ni kwamba siasa za Ethiopia zilibadilika na za Belarus hazikubadilika.

Nchi mwenyeji yaweza kuokoa maisha, kuunganisha familia na hata kutoa bendera mpya, lakini haiwezi kumfikisha mtu salama kwenye mazishi ya wazazi wake. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliwanyang'anya makocha wawili wa Belarus vibali vyao vya mashindano, hatua iliyostahili, ila haikumfungulia Tsimanouskaya njia ya kurudi kwao. Kwa hiyo mashirikisho ya michezo yanapaswa kuzidai serikali za nchi wanachama dhamana kwamba mwanariadha aliyesema anachokiamini atarudi kwao bila kudhuriwa, na serikali inayokataa kuitoa isipewe heshima ya kupeperusha bendera yake viwanjani.