Bwana Shamba na Bima ya Gari Lake

Mwaka 1986 bwana shamba mmoja wa Morogoro alinunua Peugeot 504 iliyokwisha kuzunguka nchi, kwa fedha alizodunduliza kutokana na mahindi ya shamba lake mwenyewe. Siku ya pili alilipeleka gari kukatiwa bima. Hakumwuliza mtu aende wapi, maana hapakuwa na mahali pengine. Shirika la Bima la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, ndilo lililokuwa limebaki peke yake tangu biashara ya bima ilipotaifishwa mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha. Pale dirishani karani aliuliza swali moja tu: "Kubwa au ndogo?"

"Ndogo," akajibu. Karatasi ya kaboni ikawekwa, mhuri ukagongwa, kazi ikaisha.

Maneno hayo mawili hayajabadilika hadi leo. Bima ndogo ndiyo ambayo Sheria ya Bima ya Magari inamtaka kila mwenye gari awe nayo: huwafidia watu wengine walioumizwa na gari lako, lakini gari lako mwenyewe halimo. Bima kubwa huongeza ajali, moto na wizi wa gari lenyewe. Kilichobadilika ni kila kitu kinachozunguka swali la karani yule.

Sheria ya Bima ya mwaka 1996 ilifungua soko. Kampuni binafsi zikaingia, na mawakala wakaanza kuzungukia maofisi ya serikali na fomu mkononi. Sheria nyingine ya mwaka 2009 ikaunda Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, ambayo watu wengi huijua kama TIRA. Kioo cha mbele cha gari nacho kikajaa: stika ya bima, stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama, na stika ya ada ya mwaka ambayo madereva waliiita rodi laisensi. Hiyo ya mwisho ilifutwa na bajeti ya mwaka 2017/18, na badala yake ushuru wa mafuta ukaongezwa shilingi 40 kwa lita. Kwa mzee anayetoa gari mara mbili kwa wiki, huo ulikuwa unafuu wa kweli.

Wakati huo bwana shamba alikuwa ameshastaafu. Alifikisha miaka 60 mwaka 2012, na sehemu ya kiinua mgongo ikanunua Toyota RAV4. Safari hii alichukua bima kubwa, na alikuwa na sababu nzuri: mtumishi aliye kazini akipoteza gari anaweza kukopa na kununua jingine, lakini kiinua mgongo hakilipwi mara mbili. Gari likaandikwa kuwa na thamani ya shilingi milioni 20.

Kosa likaanzia hapo. Kila mwaka wakala alipiga simu, mzee alilipa, na fomu ilirudia milioni 20 zile zile. Gari lilikuwa linazeeka, makaratasi hayazeeki. Kiwango cha chini cha bima kubwa ya gari binafsi kilikuwa asilimia 3.5 ya thamani, kisha ikaongezwa kodi ya VAT ya asilimia 18. Kwa milioni 20 hiyo ilikuwa shilingi 826,000, nayo ilitoka katika pensheni ya mwezi. Na gari likiibwa, kampuni hulipa thamani ya gari siku ya hasara. Haitazami namba iliyoandikwa miaka tisa nyuma.

Uchungu wa kiasi hicho ndio uliomwingiza mtegoni. Mwaka 2021 kijana mmoja aliyejitambulisha kuwa wakala alimwahidi bima kubwa kwa shilingi 350,000. Karatasi ilichapwa vizuri, ina nembo. Wiki chache baadaye, njiani kwenda Dar es Salaam kliniki, trafiki alisimamisha gari, akamwamkia, kisha akaingiza namba ya gari kwenye simu yake.

"Mzee wangu, hili gari halina bima."

Akaandikiwa faini ya shilingi 30,000. Simu ya kijana yule haikupokelewa tena. Kilichomkosesha mzee usingizi hakikuwa faini. Kwa wiki kadhaa alikuwa ameendesha katikati ya watoto wa shule na bodaboda, na kama angemgonga mtu, nyumba yake ndiyo ingelipa.

Jambo ambalo wastaafu wengi hawaambiwi ni hili: viwango vya chini huwekwa na Mamlaka. Mwaka 2022 bima ndogo ya gari binafsi ilikuwa shilingi 100,000, na pamoja na VAT 118,000. Kampuni halali haiwezi kuuza chini ya hapo. Kwa hiyo bei iliyo chini ya kiwango si punguzo, ni dalili kwamba hakuna bima.

Mwaka huo huo binti yake alikaa naye mezani, na kazi ikafanywa upya. Gari lilikaguliwa, likaonekana kuwa na thamani ya milioni 12. Ada ikashuka hadi shilingi 495,600. Mzee alitaka waandike milioni 6 ili ishuke zaidi. Binti akamkatalia, na alikuwa sahihi. Mikataba mingi ina sharti kwamba ukikatia nusu ya thamani, hata uharibifu mdogo hulipwa nusu.

Wakaulizia kampuni tatu. Bei zilikaribia kufanana, kama inavyotarajiwa palipo na kiwango cha chini, na hakuna hata moja iliyoujali umri wake. Shemeji yake anayeishi Uingereza alishangaa kusikia hivyo, kwa sababu huko mwenye miaka 70 huhuisha leseni yake kila baada ya miaka mitatu, na umri huongeza ada. Huku fomu iliuliza thamani ya gari, matumizi yake na leseni iliyo hai.

Basi wachague kwa kipimo gani? Mzee alipata jibu gereji. Mafundi wanajua kampuni ipi huleta mkaguzi kesho yake na ipi huacha gari likiota majani uani, maana wao ndio wanaosubiri malipo. Aliwauliza watatu, kila mmoja kwa wakati wake, na wote wakataja jina lile lile. Alichukua kampuni hiyo. Kabla ya kutia saini akauliza pia ni kiasi gani angejibebea mwenyewe katika kila ajali, na kama miaka ya kutodai fidia ingempa punguzo.

Mjukuu wake alipoomba gari jioni akabebe abiria wa kuitwa kwa simu, mzee alikataa. Bima ya gari binafsi haimlindi anayebeba abiria kwa malipo, na ajali moja ya usiku ingemaliza kila kitu.

Siku hizi anaingia ofisini na simu yake, na haondoki mpaka aione bima yake kwenye mfumo wa TIRA kwa namba ya gari. Nawe mstaafu unayesoma haya, bima yako itakapoisha fanya vivyo hivyo: thamani ya gari ipimwe upya, mafundi waulizwe, na namba ya gari iingizwe kwenye mfumo ukiwa bado umekaa mbele ya wakala.